Akaunti tano zisizo na wenyewe

Seva yetu, kompyuta kuu ya ofisi, iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Sisi ni mawakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, watu tisa, na nyaraka za mizigo yote kutoka Mombasa zilikuwa ndani ya sanduku lile moja chini ya meza. Fundi kutoka Tororo alilifungua, akanusa, akatikisa kichwa. Wiki tatu tukaandika mafaili upya huku madereva wakitununia mlangoni.

Ndipo tukahamia huduma za kulipia kila mwezi: barua pepe, hifadhi ya nyaraka mtandaoni, programu ya hesabu. Sijutii. Pesa ya kununua seva nyingine kwa mkupuo sikuwa nayo. Ila hivyo vijimalipo vya kila mwezi, ndugu zangu, vina meno.

Nyingi ya huduma hizi hutozwa kwa kichwa, si kwa kompyuta. Mwaka wa pili nilikaa na karani wetu kupitia ankara, tukakuta tunalipia akaunti kumi na nne, nasi ni watu tisa. Mmoja wa wenye akaunti hizo alishaolewa Mbale zamani, jina lake bado linakula dola. Nikasema tuzifute zile tano leo leo. Haikuwezekana! Tulijifunga kwa mwaka ili tupate bei nafuu, na mkataba, ambao niliusaini bila kuusoma, haukuruhusu kupunguza idadi katikati. Tukalipia vivuli miezi saba.

Kujifunga si kosa. Microsoft 365, huduma ya barua pepe na nyaraka, kwa mfano, tangu 2022 humwongezea asilimia 20 anayetaka kulipa mwezi kwa mwezi bila kujifunga. Ninachofanya sasa ni kuchanganya: wafanyakazi wa kudumu nawalipia kwa mkataba wa mwaka, vibarua wa msimu kwa mwezi, hata kama ni ghali kidogo. Mtu akiondoka, nyaraka zake zinahamishwa na akaunti inafungwa kabla soda ya kumuaga haijaisha.

Bei uliza kwa shilingi, na uliza kama VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 imo ndani. Mimi hununua kwa muuzaji wa hapa Uganda anayetoa ankara ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA, kwa sababu bila hiyo URA hawakurudishii VAT uliyolipa. Kadi ya benki kulipa moja kwa moja ng'ambo ni rahisi, lakini siku shilingi ikiyumba mbele ya dola utaona makato usiyoyategemea.

Intaneti nayo ihesabu humo humo. Bando lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Tuna laini mbili za kampuni tofauti, maana lori likikwama mpakani kwa sababu mtandao umelala, mwenye mzigo haelewi.

Na sanduku la zamani limenifunza woga. Kila Ijumaa jioni karani hunakili nyaraka zote za wiki kwenye diski ya nje, na diski hiyo hailali ofisini. Naondoka nayo kwenye boda, mfukoni pamoja na funguo.