Maswali na majibu: lebo za faili kwenye simu

Nina duka la vipodozi Kariakoo. Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nazipiga picha kila siku, lakini nikiitafuta moja napita kwanza kwenye picha za harusi na za watoto. Simu ni Android. Nifanyeje? (Mama Duka, Kariakoo)

Mama, kuzipiga picha umefanya jambo la maana. Karatasi ile hufifia, hasa ikikaa juani, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Tatizo ni kwamba Android nyingi haziji na lebo za faili, yaani neno au rangi unayoibandika kwenye faili ili uipate baadaye. Programu ya Files ya Google ina nyota ya kuweka vipendwa na folda ya siri, basi. Kwa hiyo lebo iandike ndani ya jina lenyewe: *2025-03-14_risiti_mzigo_losheni*. Mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku, ili ukipanga kwa jina zijipange zenyewe kwa tarehe. Epuka mkwaju (/) na nukta mbili (:), maana kompyuta ya Windows inazikataa. Baada ya hapo ukiandika "risiti" kwenye kisanduku cha kutafutia, za watoto hazitokei.

Ukitumia Google Photos unaweza pia kuandika maelezo chini ya picha na yakatafutika. Mimi ningebaki na jina. Maelezo yale yanakaa kwenye akaunti yako, na siku mhasibu akitaka picha hatayapata. Ila ukimtumia kwa WhatsApp, mtumie kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida inabatizwa jina jipya njiani, na kazi yako yote imepotea.

Na usianze na risiti za mwaka jana, utachoka kabla ya saa moja usiku. Anza na za leo, wakati wa kufunga hesabu.

Nasoma Mlimani, natumia iPhone. PDF za masomo nimeziwekea lebo za rangi, lakini nilipomtumia mwenzangu kwa WhatsApp hakuona rangi yoyote. Kwa nini? (Mwanafunzi, Ubungo)

Lebo za programu ya Files, zilizokuja na iOS 11 mwaka 2017, hazikai ndani ya PDF. Zinakaa pembeni yake. Kupitia iCloud Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, zinakufuata hadi kwenye Mac yenye akaunti yako, lakini WhatsApp inabeba jina na yaliyomo tu. Kwa matumizi yako mwenyewe ni nzuri sana: shikilia faili kwa kidole, chagua lebo, na faili moja inaweza kubeba mbili au tatu bila kunakiliwa. Ipe kila rangi jina. Nyekundu tupu utaikumbuka wiki hii. Ukifika mtihani utakuwa unabahatisha. Za kugawa kwa wenzako, rudi kwenye jina la faili kama nilivyomwambia Mama Duka.

Faili ninazotumiwa kwenye grupu la walimu zinaitwa DOC, tarehe, halafu WA na namba. Nikizibadilisha jina palepale, kuna ubaya? (Mwalimu, Mbagala)

Upo, Mwalimu. WhatsApp inazitafuta kwa jina lile la zamani, kwa hiyo ukibofya tena kwenye grupu inaweza kukuambia faili haipo. Nakili kwanza kwenye folda yako, kisha ubadilishe jina la nakala.

Lebo ngapi zinatosha? (Msomaji, Sinza)

Chache kiasi kwamba unazikumbuka bila kuangalia. Na chagua neno moja ulishike: ukiandika leo "risiti", kesho "stakabadhi", keshokutwa "EFD", kutafuta hakutakusaidia. Sioni pia sababu ya kuweka lebo ya "muhimu". Baada ya mwezi kila kitu kinakuwa muhimu.

Kuna programu ya Android yenye lebo za kweli? (Fundi, Tegeta)

Ipo TagSpaces. Kwa kawaida lebo inaziandika mwishoni mwa jina la faili, ndani ya mabano ya mraba [ ], hivyo hata ukiifuta maneno yanabaki na simu nyingine yoyote itayasoma. Jaribu kwanza kwenye folda ya nakala. Ukiona mabano yanakuchosha macho, andika mwenyewe kwa mkono, matokeo ni yaleyale.