Mtoto wa farasi hashtuki kwa sauti: ni masikio au ubongo?

Mkuu, umeeleza kuwa mtoto wa farasi wako ana siku nne, uso mweupe, macho ya buluu, na ukipiga makofi hageuki. Sikio na ubongo ni maswali mawili, na kila moja lina kipimo chake.

Makofi yaache. Anaona mkono, anahisi upepo na mtikisiko wa sakafu, au anamfuata mama yake aliyeshtuka. Ukitaka kujaribu, jifiche nyuma ya ukuta, toa sauti asiyoizoea, kisha subiri dakika kadhaa kabla ya kurudia. Akishaizoea hajali tena hata kama anasikia. Na hata ukipatia, kiziwi wa sikio moja atakupita, maana sikio zima linambeba.

Kipimo cha kuaminika ni kurekodi umeme wa neva ya kusikia na shina la ubongo. Daktari wa mifugo huchoma elektrodi za sindano nyembamba chini ya ngozi: moja utosini, moja kwenye shina la kila sikio, na ya ethi (ya kutuliza umeme usiohitajika) shingoni. Kisikizi huingizwa sikioni na kutoa milio ya "tik" ya desibeli 70 hadi 90, mara 500 hadi 1,000. Mashine huchukua wastani wa milisekunde 10 zinazofuata kila mlio, kwa sababu mawimbi yenyewe ni madogo mno na umeme wa misuli huyameza. Mtoto akinyonya au kutafuna wakati huo, rekodi imeharibika. Zailazini, dawa ya kumtuliza, inaruhusiwa, haifuti mawimbi. Sikio la pili lipewe mvumo wa kulifunika, la sivyo sauti hupenya mifupa ya kichwa na sikio zima likajibu kwa niaba ya bovu.

Mstari ukiwa bapa tangu mwanzo, kasoro iko sikioni au kwenye neva yake. Wimbi la kwanza likiwepo na ya baadaye yamechelewa au hayapo, tazama shina la ubongo. Yakichelewa yote kwa kiasi kilekile, huenda sauti inazuiwa njiani na nta au usaha. Mwili uliopoa nao huchelewesha, kwa hiyo pima joto kwanza. Kabla ya kutamka "kiziwi", hakikisha elektrodi haijachomoka na bomba la kisikizi halijakunjika, kisha rudia kwa sauti kubwa zaidi.

Kuhusu weupe: sikio la ndani linahitaji seli za rangi ili koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani ya sikio, ipate umeme wake. Zikikosekana, seli za kusikia hufa, na hazirudi. Uziwi wa aina hii unajulikana sana kwa farasi wa aina ya American Paint wenye uso mweupe na macho ya buluu, ingawa wengi wenye sura hiyo wanasikia vizuri. Kama amewahi kupewa gentamisini au amikasini, antibiotiki zinazoweza kudhuru sikio, mwambie daktari.

Mawimbi yakiwa mazuri, bado ubongo wa juu haujapimwa. Hapo umri ndio kila kitu, na ndipo wengi wanakosea. Mtazame kwa mbali kabla ya kumgusa, kwani mtoto mchanga akikumbatiwa kifuani na matakoni hulegea kama aliyelala, na hiyo si kifafa. Baada ya kuzaliwa alipaswa kuanza kuchezesha midomo kama anayenyonya ndani ya dakika 20 hivi, kusimama ndani ya saa moja na kunyonya mama ndani ya mbili. Kutopepesa unapomsogezea mkono jichoni si upofu kwa siku nne. Itikio hilo huchukua hadi wiki mbili hivi. Badala yake, gusa kope uone kama anapepesa, kisha mulika mboni uone kama inasinyaa. Hatua za kurusha miguu na kichwa kinachonesanesa ni kawaida yake. Vilevile, akilala ubavu ukambana mguu wa juu, wa chini hunyooka. Katika wiki za mwanzo ni sawa, katika miezi miwili ni dalili ya ugonjwa.

Kinachotisha ni mtoto anayenyonya ukuta badala ya chuchu, aliyepoteza hamu ya kunyonya, mwenye degedege au udhaifu wa upande mmoja. Kichwa kikiinama upande wa sikio lisilojibu, fikiria sikio la ndani kabla ya ubongo. Mtoto wa farasi wa aina ya Arabian wa miezi miwili au mitatu anayetetemeka kichwa anapolenga kitu, na bado hapepesi, achunguzwe ubongo wa nyuma.

Akithibitika kiziwi wa masikio yote mawili, msogelee kutokea anakokuona, na umguse begani kabla ya kumshika kichwa.