Boma limefika lenta, mimi niko Tunduma: nifuatilieje?

ULIZA MSIMAMIZI WA SAITI

Swali

Shikamoo mzee wetu. Nauza vitenge Tunduma, na najenga nyumba ya vyumba vitatu Visiga, Kibaha. Anayenisimamia ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Kila Jumapili ananitumia picha, na kweli naona ukuta unapanda. Sasa umefika lenta, kozi 9, yaani mistari tisa ya tofali. Toka kwenye jamvi, ile sakafu ya zege, kwenda juu nimeshanunua saruji mifuko 45, na juzi nimeambiwa nitume pesa ya mifuko mingine 30 ya lenta. Kwenye mchoro, kuta zote za nje na za ndani ni mita 67, tofali za inchi 6.

Kwenda Kibaha kila mara siwezi, basi linakula siku nzima na duka linabaki limefungwa. Nikimhoji sana shemeji nahofia ataona simwamini, na huyu ndiye aliyebaki na wanangu wakati wa msiba. Lakini roho hainitulii. Nifuatilieje ujenzi wangu bila kuvunja undugu?

Mama J., Tunduma

Jibu

Marahaba, Mama J. Pole kwa kuondokewa na mwenzio, na hongera. Kufikisha boma kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kwa faida ya vitenge ni kazi kubwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokutuliza au ikupe cha kuuliza. Tofali ya inchi 6 ikisimamishwa, mita moja ya mraba ya ukuta inachukua tofali 8 hadi 9. Mita 67 kwa kozi 9, yaani kimo cha kama mita 2.25, ukitoa nafasi za milango na madirisha, unapata tofali 1,100 hivi. Kwenye saiti nilizosimamia, mfuko mmoja wa saruji, mchanga ukipimwa kwa ndoo na si kwa macho, unajenga tofali 50 hadi 60. Ukuta wako basi ulihitaji mifuko kati ya 18 na 22. Wewe umenunua 45.

Usikimbilie neno wizi. Hukuniambia tofali ulizinunua zikiwa tayari au zilifyatuliwa hapo hapo kwa saruji yako. Kama zilifyatuliwa saiti, mfuko mmoja hutoa tofali nzuri 30 hadi 35, kwa hiyo tofali 1,100 peke yake zingekula mifuko zaidi ya 30, ukijumlisha na ile 18 hadi 22 ya kujengea, mifuko 45 ni michache. Ningeanza kuogopa tofali zimefyatuliwa nyepesi. Kama ulinunua tofali tayari, kuna mifuko zaidi ya 20 ambayo ama imo stoo, ama imetumika kwenye kitu ambacho hujaambiwa.

Lenta nayo ina hesabu yake. Mita 67, upana inchi 6, kimo inchi 8, ni zege la mita za ujazo 2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hiyo ni mifuko 13. Weka 15 kwa ajili ya kumwagika. Mifuko 30 inaweza kuwa sahihi tu kama ndani yake kuna kozi za juu ya lenta na kazi nyingine, na hilo fundi alieleze kabla pesa haijatoka.

Sasa namna ya kuuliza. Uliza vitu, usimuulize mtu. "Shemeji, naomba unihesabie, stoo imebaki mifuko mingapi leo?" Swali hilo halimtuhumu mtu yeyote, na liwe la kwanza kila unapoombwa pesa: kilichobaki kwanza, kinachohitajika baadaye. Mnunulie daftari kubwa. Ukurasa mmoja kwa kila wiki: kilichoingia, kilichotumika, kimetumika wapi, kimebaki nini, mafundi wangapi na saidia fundi wangapi. Apige picha ukurasa huo Jumamosi jioni, risiti zikiwa juu yake. Na nunua saruji kidogo kidogo. Mifuko mingi stoo inavuta unyevu, na inavuta macho ya watu.

Kuna jambo hukuligusa, nami siwezi kuliacha. Je, shemeji unamlipa? Mtu anaacha shughuli zake, anatoa nauli mfukoni, anashinda juani na mafundi, halafu anashikishwa pesa za watu bila posho wala daftari. Hapo umemweka pabaya. Mpangie posho ya wiki inayojulikana, na nauli iwe mbali. Ukifanya hivyo daftari linakuwa sehemu ya kazi yake, na hatakuwa na sababu ya kuona umemshuku.

Picha za Jumapili zinakuonyesha sura ya nyumba. Mimi nakutaka uangalie vinavyokwenda kufunikwa, kwa sababu kikishafunikwa hakuna picha itakayokirudisha. Mtaro wa msingi kabla ya zege, dawa ya mchwa na nailoni kabla ya jamvi, hayo kwako yamepita, tuyaache. Kilicho mbele yako ni nondo za lenta. Siku watakapomaliza kuzisuka na kuzipanga, kabla hata toroli moja ya zege haijapanda, taka video isiyokatwa, anayechukua azunguke kuta zote, na futikamba iwekwe juu ya nondo. Kwa nyumba ya chini kama yako, natarajia kuona nondo 4 za milimita 12, na ringi, vile vyuma vinavyozifunga nondo kwa kuzizunguka, za milimita 8 kila baada ya sentimita 20, isipokuwa mchoro wako uwe umesema vingine, na hapo mchoro ndio unaofuatwa. Nondo zinapoungana zipishane angalau sentimita 60. Kwenye kona zikunjwe ziingie ukuta wa pili, zisiishie pale pale. Na zisilale juu ya mbao. Ziinuliwe kwa vibonge vidogo vya zege, la sivyo zitabaki nje upande wa chini na kutu itaanza kazi yake.

Kama kuna siku moja ya kufunga duka na kupanda basi, iwe hiyo. Ukishindwa, mlipe fundi sanifu au mhandisi aliyeko Kibaha, asiyehusiana na fundi wako, akague na kukupigia simu akiwa juu ya ngazi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kubomoa lenta.

Zege likishamwagwa limwagiliwe maji asubuhi na jioni siku 7. Mbao za pembeni zinaweza kutoka mapema, lakini mihimili iliyo chini ya lenta, juu ya milango na madirisha, ikae wiki mbili. Najua unataka kupaua kabla ya masika, kila mtu Pwani anataka hivyo. Lakini fundi akikwambia kesho yake anapandisha kozi juu ya lenta mbichi, mkatalie. Na ufundi mlipe kwa hatua, si kwa siku: mpaka lenta kiasi hiki, mpaka kupaua kiasi hiki, na sehemu ya mwisho ya kila hatua ibaki mkononi mwako hadi mkaguzi aseme ndiyo.

Swali

Boma langu limesimama bila bati kwa misimu miwili ya mvua, fedha ilikata. Sasa nimepata. Nipaue moja kwa moja, au limeshaharibika?

Msomaji, Muheza

Jibu

Usipaue kwanza, likague. Maboma mengi yaliyosimama ni mazima, tatizo huwa juu kabisa na chini kabisa. Panda ngazi ukwangue kozi mbili za juu kwa patasi. Udongo wa saruji ukitoka kama unga, zing'olewe zijengwe upya. Pima kila kona kwa timazi. Angalia pembe za madirisha: ufa mwembamba wa kusimama si jambo la kutisha, lakini ufa unaokwenda mshazari na kuingiza ncha ya kidole unaonyesha msingi umetembea, na hapo mwite mhandisi kabla hujanunua hata mbao moja. Tazama pia kama maji ya mvua yamechimba pembeni mwa msingi. Pajazwe kifusi na kushindiliwa.

Nondo zilizoachwa wazi zipige brashi ya waya. Kutu ya juu juu ikitoka na chuma kikabaki na unene wake, endelea nazo. Zikimenyuka magamba na kupungua unene, fundi achimbe zege hadi afike kwenye chuma kizima, aungie nondo mpya hapo.