Barua kwa mwanangu: andikeni kwanza, benki baadaye

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Zawadi na kwa mjukuu wangu. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo habari zake unazijua.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza kama ni busara wewe na mkeo mchukue mkopo mmoja wa benki wa shilingi 10,000,000, mlipe madeni yote madogo yanayowasumbua hapo Dodoma, kisha mbaki na deni moja tu linalokatwa kwenye mshahara wako kwa miaka saba. Umeniwekea na makato yenyewe, 182,000 kila mwezi kwa miezi 84, na mwisho ukaandika, "Mama, wewe ni mwalimu wa hesabu, niambie."

Basi hesabu nimeifanya. Ukizidisha utapata 15,288,000, maana yake ni kwamba kwa hiyo milioni kumi utairudishia benki milioni tano na ushei juu yake, na Zawadi, aliyeingia darasa la kwanza mwaka huu, atakuwa amemaliza shule ya msingi kabla hujalipa rejesho la mwisho. Kwa upande wa pili, yule mkopeshaji wa mtaani aliyewapa 2,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi anachukua 200,000 kila mwisho wa mwezi, na ile milioni mbili imekaa pale pale haijaguswa. Huyo peke yake anakula zaidi ya rejesho zima la benki. Ukiongeza Songesha, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, ambao kila pesa inapoingia kwenye simu unajikata wenyewe kabla hujaiona, unaelewa kwa nini mshahara wako unafika tarehe 25 na kwisha tarehe 28. Kwa hiyo kama swali ni deni lipi ghali na lipi nafuu, jibu ulikuwa nalo kabla hujaniandikia.

Mimi nataka kulijibu swali ambalo hukuniuliza. Katika orodha uliyoniletea, madeni yako wewe yana tarakimu kamili, lakini mbele ya mkopo wa Mama Zawadi wa vikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, umeandika "kama laki nne hivi." Hapo ndipo nilipoiweka simu chini. Deni halina "kama hivi." Aliyekukopesha ameliandika mpaka shilingi ya mwisho, pamoja na tarehe, na kama ninyi wawili mnalikadiria, basi yeye anaijua nyumba yenu kuliko mnavyoijua. Najiuliza kama mmewahi kukaa meza moja, mkaandika lake na lako kwenye karatasi moja, au kila mmoja anabeba yake kimyakimya na mnakutana siku ya kulipa.

Unaikumbuka harusi ya dada yenu, binti wa baba yenu mkubwa, kwa sababu ya keki uliyoililia usiku mzima. Mimi naikumbuka kwa sababu ya kikao cha kamati. Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu asiyejua kusema hapana mbele za watu. Katika kila kikao cha mchango alitaja ahadi inayolingana na ya mtu aliyemtangulia, kisha kwa miezi inayofuata tulikopa huku na huku ili kuitimiza, sukari tukachukua kwa Mangi mwenye duka kwa daftari, na viatu vyenu vikasubiri. Hakuwa mlevi wala mchoyo wala mpuuzi. Aliona aibu tu, na aibu yake ilitugharimu pesa nyingi kuliko maradhi yote tuliyowahi kuyauguza.

Usiku wa kuamkia kikao kile tulikaa wawili na moja ya madaftari yenu ya shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Upande mmoja tukaandika mshahara wangu wa ualimu na wake wa kiwandani, upande wa pili kila tunayemdai na kila anayetudai, hata deni la mshona nguo. Nilimwambia kwamba silali mpaka jina la mwisho liandikwe, naye mara tatu alisema yamekwisha, na mara tatu akakumbuka jingine. Tulipojumlisha tukaona kwamba mchango tunaoweza kuutoa bila kukopa ni shilingi 10,000. Akaishika kalamu kwa muda, kisha akaiandika mwenyewe.

Kesho yake kule Ngamiani, Tanga, sebuleni kwa baba yenu mkubwa, watu wakawa wanataja 50,000, wengine 70,000, na mweka hazina anaandika. Ilipofika zamu yetu baba yako akasema, "Elfu kumi." Mwenyekiti akanyanyua uso na kumuuliza, "Elfu kumi ya leo au ya jumla?" Watu wakacheka. Baba yenu mkubwa naye alicheka, ndugu yake wa tumbo moja, anayejua vizuri tuna watoto wangapi na tunalipwa nini. Mwanangu, kicheko kile ninakisikia mpaka leo, na sidhani kama nimekisamehe sawasawa. Baba yako akajibu, "Ya jumla, na nimekuja nayo," akaingiza mkono mfuko wa shati, akaziweka noti mezani, zimekunjwa pamoja, akaomba stakabadhi. Ndani ya chumba kile hakukuwa na mwingine aliyetoa fedha taslimu siku hiyo. Stakabadhi ile ninayo katika sanduku la vyeti, na nikiishika najisikia fahari ambayo sijui nikuelezeje.

Baadhi ya wale wa 70,000 hawakulipa kabisa, na wiki ya harusi kamati ilihangaika. Ningeweza kukomea hapo na kukwambia uache michango yote ya Dodoma, sare za vitenge, vikao vya kila Jumapili, ahadi zilizoandikwa kwenye kundi la simu mbele ya watu mia. Natamani kukwambia hivyo. Lakini baba yako alipougua, na tukaambiwa tumpeleke Muhimbili, aliyefika usiku ule ule na nauli ya sisi wawili na akiba ya wiki nzima alikuwa yule yule baba yenu mkubwa aliyecheka. Hakuuliza tulichanga ngapi. Kwa hiyo nakataa kusema kwamba mchango ni pesa iliyopotea, kwa sababu kwa watu kama sisi, wasio na bima ya kutosha wala shamba kubwa, watu ndio akiba. Ila nasema mchango nao uandikwe. Mkae mwanzoni mwa mwaka, mpange kiasi cha mwaka mzima cha harusi, misiba na wagonjwa, na kikiisha kimeisha, na msemaji awe yeyote kati yenu anayeweza kutamka kiasi kidogo bila kutetemeka. Nyumbani kwetu baada ya kikao kile msemaji alikuwa baba yako, jambo ambalo halikutarajiwa na mtu yeyote.

Sasa turudi kwa mkopeshaji wenu. Umeandika kwa kupita tu, kana kwamba ni jambo la kawaida, kwamba kadi yako ya benki anaishika yeye pamoja na namba ya siri. Hilo halikubaliki, na nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimewaona walimu wenzangu, watu wazima wenye vyeti na heshima zao, wakisimama nyuma ya kijana kwenye mashine ya benki wakisubiri wapewe masalia ya mshahara wao wenyewe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mtu anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na wale wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo nayo si ndogo, ni asilimia 42 kwa mwaka, lakini yenu ni karibu mara tatu yake. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya mtandaoni yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, na mkeo anisamehe nikimwomba aangalie kama zile anazozitumia kwenye simu yake hazimo. Watu wanaita mikopo hii kausha damu, na jina linaistahili. Nenda ukamwombe mkataba wenu na leseni yake, ukiwa na shahidi, na kadi uirudishe mfukoni mwako kabla ya jambo lingine lolote. Hilo halihitaji kusubiri uamuzi wa benki.

Vikoba ni jambo jingine, na sipendi uvichanganye na huyu bwana katika orodha moja. Riba ambayo Mama Zawadi anailipa kikundini inabaki kikundini, na mwisho wa mwaka wanapogawana, sehemu yake inamrudia pamoja na hisa zake. Tatizo la vikoba ni kwamba dhamana ni watu. Rejesho likikwama, wanaodaiwa ni wale kinamama wenzake waliomdhamini, na siku wakija kuchukua runinga yenu watakuwa wameumia wao kwanza. Ndiyo maana nakasirika na "kama laki nne hivi." Yeye anajua ni ngapi, nina hakika, kwa kuwa kinamama wa vikundi wana vitabu. Muulize kwa upole, na kabla hujamuuliza mwoneshe za kwako zote, pamoja na zile za mikeka ya kubashiri mpira ambazo hukuniandikia lakini mdogo wako ameniambia. Sikulaumu hapa. Nasema ziandikwe.

Kuna jambo la mshahara ambalo benki haitakwambia. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato, na ukishatoa ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, afisa wa benki atapiga hesabu kwenye hati yako ya mshahara na kukwambia inatosha. Lakini hati ya mshahara haioni Songesha, haioni vikoba, haioni mkopeshaji. Kwenye karatasi theluthi ipo, nyumbani haipo. Karatasi yenu wawili ndiyo pekee inayoweza kuonesha kama makato hayo ya 182,000 mnayaweza, au kama mtaanza kukopa upya mwezi wa tatu, mkiwa na deni la miaka saba na yale madogo yamerudi yote. Mahali pengi nimeona watu wakilipa madeni kwa mkopo mkubwa, wakapumua, na kwa sababu hawakugusa chochote katika matumizi yao, baada ya mwaka wakawa na yote mawili.

Kuhusu ada ya Zawadi nitajizuia. Mnajua nimefundisha shule za serikali mpaka nastaafu, mnajua kwamba hakuna ada huko, na mnajua wewe mwenyewe umesoma wapi. Lakini mama yake ana sababu zake za kumpeleka shule ya kulipia, na sababu moja niliisikia nikaiona ya kweli, kwamba shule ya karibu yenu madarasa yamejaa sana. Basi sitatoa hukumu. Iandikeni tu ada hiyo kwa tarakimu zake kamili, pamoja na basi na sare na chakula, halafu iangalieni wote wawili.

Na liandikeni jina langu. Kila mwezi unanitumia 100,000, na sijaiona popote katika orodha yako. Najua kwa nini umeliacha. Umeona ni utovu wa adabu kumweka mama kwenye orodha ya matumizi. Mimi naona kinyume chake. Mama Zawadi anapaswa kuijua, kuikubali, na kuwa na neno kuhusu kiasi chake, kwa sababu inatoka kwenye nyumba yake. Pensheni yangu ni ndogo lakini inafika, na mchungwa bado unazaa. Mkiona ipunguzwe kwa mwaka mmoja hadi mtakapomtoa yule mkopeshaji, ipunguzwe, na asiwepo wa kunificha au kunionea haya. Kitakachoniumiza ni kusikia kwamba mmekopa kwenye simu ili mnitumie.

Umetaka niseme ndiyo au hapana juu ya benki. Jibu ninalo, na nimeliandika mara mbili kwenye barua hii nikalifuta, kwa kuwa nikilisema sasa utalibeba kama amri ya mama, na mkeo atakuta jambo limekwisha kuamuliwa Muheza bila yeye. Kaeni Jumamosi hii, baada ya mtoto kulala, muandike mpaka jina la mwisho. Kisha nipigieni simu mkiwa wawili, muweke sauti ya nje, mnisomee jumla. Hapo nitasema, na nitasema bila kuzunguka.

Barua hii usimsimulie Mama Zawadi. Mpe aisome mwenyewe, yote, hata pale nilipomtaja.

Mimi mama yako,
Muheza