Gamba peke yake halitoshi: ushauri kwa anayechora ramani ya konokono

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniandikia kwamba msimamizi wake anaona kutambua konokono wa kichocho kwa msimbopau wa DNA, yaani kusoma kipande kifupi cha jeni ili kujua spishi, ni kupoteza fedha, kwani gamba linatosha. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele ya watu, na mpaka leo yananiuma.

Hapa Unguja tunao konokono wa aina mbili, Bulinus globosus na Bulinus nasutus. Wote magamba yao hupinda kushoto, na wakiwa wadogo hata mtaalamu hubabaika. Ila globosus, wa kaskazini na kati, ndiye anayeeneza kichocho cha mkojo. Nasutus wa kusini, kwa hapa kisiwani, haenezi. Ukiwachanganya, dawa ya kuua konokono itamwagwa kwenye bwawa salama, na watoto wataendelea kuoga kwenye lile lenye maradhi.

Nilishikilia msimamo wangu. Nikaingia kwenye mabonde ya mpunga na chekeche la mpini mrefu, na huko ndiko nilikojifunza yasiyofundishwa darasani. Konokono akijikunja ndani ya gamba, ethanoli, yaani spiriti ya kuhifadhia, haimfikii vizuri, anaoza ndani ya chupa. Kwa hiyo mpige picha kwanza, kisha pasua gamba kidogo kwa koleo au kata kipande cha mguu, ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 96. Lebo iandike kwa penseli na uiweke ndani ya chupa, maana ethanoli hufuta wino wa kalamu, na sampuli isiyojulikana ilikotoka haina kazi kwenye ramani. Maabarani, ute wa konokono huzuia PCR, yaani kazi ya kuzalisha nakala nyingi za DNA. Tumia kemikali ya CTAB kuuondoa.

Majibu yalipokuja, kipande cha jeni ya COI, ndicho msimbopau wenyewe, herufi za DNA kama 650 tu, kiliwagawa konokono wangu makundi mawili bila ubishi. Aliyenibeza aliomba nakala ya ramani. Nilimpa, na sifichi kwamba nilijisikia fahari.

Lakini usiende na majibu mfukoni. Ziwa Victoria, konokono Biomphalaria sudanica wa kwenye matete na Biomphalaria choanomphala wa kina kirefu wana magamba tofauti, ilhali DNA zao karibu hazitofautiani. Yapokee hayo pia.

Basi mdogo wangu, usibishane naye kwa maneno. Omba fedha za sampuli chache tu, kutoka mabwawa yaliyo mbalimbali, ukamwekee mfuatano wa DNA mezani.