Kurudia filamu: ya vita sawa, ya kijasusi mh!

Mkuu, umeuliza kama kuna filamu ya vita iliyorudiwa ikafaa. Ipo: All Quiet on the Western Front ya 2022. Haijaifuta ile ya 1930, lakini hii wanaongea Kijerumani, lugha ya askari wenyewe wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tazama mwanzoni: sare ya marehemu inafuliwa, matundu yanashonwa kwa cherehani, halafu anavishwa kijana mwingine anayechekelea. Jina la mwenyewe bado limo kwenye kola! Nilisimamisha nikapumua kwanza.

Za kijasusi ni ngoma nyingine. Tinker Tailor Soldier Spy ya 1979 ilikuwa tamthilia ya TV yenye vipindi 7. Filamu ya 2011 ikabana hadithi hiyo ndani ya saa 2 na ushee. Gary Oldman kaigiza vizuri, sikatai, ila ukiinuka kunywa maji umeshapotea.