Anza na bloku ya 170 kabla ya kukariri mchoro

Wewe unayeanza kujifunza blokucheni, mti wa Merkle usiusome tu. Ni njia ya kuunganisha heshi za miamala (alama fupi zinazokokotolewa kutokana na data) mbili mbili, mpaka ibaki moja iitwayo mzizi. Ukokotoe. Mimi niliukariri mchoro wake miezi kadhaa nikidhani nimeelewa, mpaka nilipokaa nikaufanya mwenyewe.

Fungua bloku ya 170 ya Bitcoin, ya Januari 12, 2009. Ina miamala miwili tu: wa zawadi ya mchimbaji, na ule ambao Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, alimtumia mwanaprogramu Hal Finney bitcoin 10. Chukua heshi za miamala hiyo, ziunganishe kwa mpangilio wake, zipitishe kwenye SHA-256, kanuni ya kutengeneza heshi, mara mbili. Unatakiwa upate mzizi ulioandikwa kwenye kichwa cha bloku, yaani muhtasari wake wa mwanzo.

Mimi sikuupata jioni nzima. Kumbe heshi tunazooneshwa kwenye skrini, baiti zake zimepangwa kinyumenyume. Zigeuze kwanza, ndipo uziunganishe, na jibu uligeuze tena. Unganisha baiti zenyewe, si herufi unazoziona. Hapo penye kugeuza ndipo wanafunzi wengi wanapokwama.

Ukishaupata, faida yake utaiona bila kuambiwa. Kichwa cha bloku ni baiti 80, na mzizi unachukua 32. Simu ikihifadhi vichwa tu, inaweza kuthibitisha kwamba muamala wako umo kwenye bloku yenye miamala 4,096 kwa kupewa heshi 12, yaani baiti 384. Miamala ikiongezeka maradufu, inaongezeka heshi moja.

Kisha jaribu bloku yenye miamala mitatu. Heshi ya mwisho inakosa mwenzake, basi Bitcoin huirudia yenyewe. Jambo dogo, lakini mwaka 2012 lilifichuliwa kuwa tundu: orodha mbili tofauti zinaweza kutoa mzizi mmoja. Mtu angeweza kukutumia nakala yenye miamala iliyorudiwa, programu yako ikaikataa, halafu ikaikataa na bloku halali kwa sababu heshi ni ile ile. Ukibuni mti wako, tenganisha majani (heshi za miamala yenyewe) na matawi (heshi za jozi zilizounganishwa), na usirudie heshi ili kujaza pengo.

Na usiutwishe mti mzigo usio wake. Unathibitisha kwamba muamala umo, hauthibitishi kwamba ni halali. Seva ikikuficha muamala, mti huu hautakuonesha kilichofichwa. Ndiyo maana pochi ya simu ninayoiandika huuliza seva zaidi ya moja.